Ukingo Mweupe

Wateja walimwita Bi Wembe, na mwenyewe hakuwahi kujali kama jina hilo lilitokana na kazi yake au mdomo wake. Vyote viwili vilikata. Kazi yake ilikuwa kuwatoa watu kwenye picha moja na kuwapeleka kwenye picha nyingine: bwana harusi aliyepigwa studio apelekwe bustanini, mtoto aliyezaliwa baada ya picha ya familia atiwe mapajani mwa bibi yake, mjomba aliyeko ng'ambo asimamishwe katikati ya ndugu zake kana kwamba alikuwepo. Aliwakata kwenye kompyuta, akawabandika, na ungetazama ukaapa kwamba siku ile walikuwa pamoja.

Kitu kimoja tu alikichukia kazini, nacho ni ukingo mweupe. Mtu akipigwa picha mbele ya shuka jeupe, weupe wa shuka humng'ang'ania pembeni. Hukaa kwenye nywele, masikioni, mabegani, mwembamba kama uzi. Pale mbele ya shuka hauonekani. Lakini mkate mtu huyo, umbandike mbele ya bustani au ukuta wa kahawia, na uzi ule utawaka kotekote, mtu mzima na heshima zake aonekane kama karatasi iliyokatwa na mtoto wa chekechea. Kuuondoa kunataka subira. Unasogeza mstari wa kukatia ndani kidogo tu, halafu unaivuta rangi ya shati mpaka ukingoni, rangi ya shingo mpaka ukingoni, nywele unazipitia moja moja. Ukikaza sana umemnyoa mteja bila ruhusa yake na kumpunguza masikio. Ukilegeza, uzi umebaki. Bi Wembe hakuwahi kuacha uzi. Hilo hata waliomchukia walilikubali, na walikuwa si haba.

Dawa yenyewe, alikuwa akisema kwa sauti kubwa ili isikike upande wa pili wa mbao, ni rahisi kuliko kuosha kikombe. Msogeze mteja mbele, asigande kwenye shuka kama stempu. Punguza taa za nyuma. Basi, kwisha. Lakini aliyekuwa akipiga picha upande wa pili wa mbao alikuwa mtalaka wake, na huyo angekuwa radhi kulitafuna shuka lile kuliko kupokea neno lililotoka kinywani mwa mwanamke yule.

Walipoachana, kila mmoja alidhani mwenzake ndiye atakayeondoka. Kamera na taa zilikuwa za mume. Kompyuta na mashine ya kuchapisha zilikuwa za mke. Chumba walikuwa wamekipanga kwa majina ya wote wawili, na hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenzake hata kitasa cha mlango. Kwa hiyo wakapiga mbao katikati, mume akabaki upande wa nje na mke upande wa ndani, wakatoboa kidirisha cha ukubwa wa sahani, na kadi ya kamera ikawa inapita hapo. Mume anaisukuma, mke anaivuta, vidole havigusani. Maneno yakiwa ya lazima, yanapitia kwa mteja.

"Dada, hebu mwambie huyo aliye ndani kwamba picha za jana ametoa watu kama wana homa ya manjano."

"Mwambie huyo aliye nje akatafute macho mengine."

Na mteja wa watu, aliyefuata picha ya kitambulisho tu, amekaa kwenye stuli katikati yao hajui amtazame nani.

Yule bwana mtaani walimwita Taa, kwa sababu ya taa zake mbili kubwa za nyuma alizozipenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu. Alikuwa akiziwasha zote mpaka mwisho, mchana na mawingu, mnene na mwembamba, bila kuchagua. Watu walitoka pale wakipikicha macho. Bi Wembe aliamini, na hakuna aliyeweza kumtoa kwenye imani hiyo, kwamba tangu waachane Taa aliziongeza mwanga makusudi. Kila ukingo mweupe alioufuta ulikuwa ni tusi alilotumiwa kupitia kidirisha, na alilifuta huku akilijibu kwa sauti ya chini, tusi kwa tusi.

Na yeye je, alikuwa malaika? Thubutu. Juma lile la kuachana alikaa chini na albamu zote za nyumbani, akamkata Taa kwenye kila picha waliyopiga pamoja. Hakutumia kompyuta. Alitumia mkasi wa jikoni. Zilizokuwa kwenye kompyuta alizifuta, na nakala zake akazifuta, akaenda mpaka kwa dada yake akazifuta na huko. Kisha akatangaza kwa majirani, tena bila kuulizwa, kwamba hatasimama tena karibu na yule mwanamume, si arusini, si msibani.

Walikuwa na mtoto mmoja, binti. Alijifunza kutembea kwa kushika miguu ya kamera, akafanya kazi za shule chini ya meza ya kompyuta, na kelele za wazazi wake zikipita juu ya kichwa chake. Siku ya arusi yake walikaa pande mbili za ukumbi na kupigwa picha kwa zamu. Sasa alikuwa na nyumba yake na mume wake, na alizoea kuwakaribisha hivyo hivyo kwa zamu: mama wiki hii, baba wiki ijayo.

Siku moja aliingia studio asubuhi, akasimama mbele ya kidirisha ili asikike pande zote mbili.

"Nataka picha yenu," alisema. "Ya ukutani. Mmesimama wote wawili."

Upande wa ndani kiti kilikwaruza sakafu. Upande wa nje Taa akakohoa.

"Kuna nini?" Bi Wembe akauliza.

"Sebuleni kwangu kuna picha ya wazazi wa mume wangu. Kubwa, wamesimama, wanacheka. Pembeni yake nimepiga msumari na hauna kitu. Kila mama mkwe akija anautazama. Ananiuliza, 'Na wako je, mwanangu? Au ulijileta mwenyewe?' Anacheka, lakini anauliza. Nimechoka kucheka naye."

"Huyo naye hana kazi mpaka ahesabu misumari ya watu?"

"Mwanangu," Taa akasema kutoka nje, "mwambie mama yako mimi niko tayari hata sasa hivi. Ila peke yangu."

"Na nani alimtaka?" Bi Wembe akajibu. "Nipigwe mimi kivyangu, yeye kivyake. Nitawaunganisha. Hata mama yangu mzazi hatagundua."

Binti alikuwa amelelewa na watu wale na alijua mahali pa kuishia.

Ikapigwa hivyo. Bi Wembe akavuka kwenda upande wa nje kwa mara ya kwanza tangu mbao ipigwe, gauni lake la zambarau la mikono mifupi likiwa limepigwa pasi mpaka likasimama. Taa akamrudisha nyuma hadi mgongo ukagusa shuka, akawasha taa zote mbili mpaka mwisho, akampiga picha, kisha akajipiga mwenyewe. Kadi ilipoingia kwenye kompyuta, weupe ulikuwa umemzunguka mwanamke yule mwili mzima kama povu la sabuni. Hakushangaa. Alisonya tu, akaanza kazi.

Kujisafisha mwenyewe hakukumsumbua. Kilichomtesa ni kumsafisha Taa. Kumkuza mtu uliyeachana naye mpaka sikio lake lijae kioo kizima cha kompyuta ni adhabu, na sikio lile alilijua, pamoja na kile kikovu cha nyuma yake. Alilizunguka nukta kwa nukta huku damu ikimchemka. Halafu akajilipa fidia kidogo. Alimpunguza Taa mabega. Akamshusha kimo kidogo, si sana, kiasi tu cha kumfanya atazamwe kutoka juu. Akambandika karibu na yeye, shati lake la kijani likawaka pembeni ya gauni la zambarau, na ukingo ukawa safi kabisa. Alijisifu mwenyewe kwa kuwa hapakuwa na wa kumsifu.

Binti alikuja kuichukua jioni, akaitazama kwa muda, kisha akaiweka juu ya meza kifudifudi.

"Nzuri," alisema. "Lakini hamjasimama."

"Nani kasema? Nionyeshe weupe uko wapi."

"Hakuna weupe. Ndiyo hivyo sasa." Aliigeuza tena, akaweka kidole kwenye mkono wa mama yake. "Watu wakisimama karibu, rangi ya nguo ya mmoja humwangukia mwenzake. Si wewe ulinifundisha? Shati la baba la kijani hivi, na mkono wako uko wazi hapa hapa pembeni. Mbona hata tone la kijani halijakuangukia?"

Bi Wembe alihisi amekamatwa mkono ndani ya mfuko wa mtu. "Hilo tu? Nipe muda kidogo nitaliweka."

"Sitaki uliweke. Nataka liwepo." Sauti ya binti ilianza kupanda, na upande wa pili wa mbao stuli ikasogezwa karibu na kidirisha. "Mimi sina picha hata moja nikiwa na baba na mama. Ulizikata zote. Sikusema kitu, nilikuwa nakuogopa. Sasa ni nyumba yangu. Sitatundika uongo kwenye ukuta wangu. Nikiutazama ukuta ule nataka nijue kwamba kuna siku moja, moja tu, mlisimama pamoja kwa ajili yangu. Kama hata hiyo imewashinda, nitaung'oa ule msumari, na msije kwangu. Si wewe, si yeye. Nimechoka kuwapangia zamu kama wagonjwa wa wodi."

Akaondoka. Picha akaiacha.

Kwa siku kadhaa kidirisha kilipitisha kadi tu, hata matusi yalikauka. Wateja wakashangaa jinsi studio ilivyotulia. Kisha asubuhi moja Taa akainamisha kichwa kwenye kidirisha, na bila mteja wa kupitishia maneno, akasema, "Mwite mtoto."

Bi Wembe akamwita. Binti akaja, akashika kiuno, akasimama nyuma ya kamera.

Sipendi kusimulia yaliyofuata, kwa sababu watu wazima wanapaswa kuona haya. Taa, ambaye hakumruhusu mtu kugusa kamera yake, hata binti, aliiweka ijipige yenyewe baada ya muda mfupi, akakimbilia mbele ya shuka na shati lake lile lile la kijani, Bi Wembe na gauni lake la zambarau, na hapo ndipo vita ilipoanza.

"Tusogee mbele," Bi Wembe akasema. "Tumeganda kwenye shuka."

"Shuka ni langu."

"Tutatoka na weupe!"

"Si utaufuta? Kazi yako nini?"

Kamera ikalia. Mdomo wa Bi Wembe ulikuwa wazi, Taa macho yamefumba.

"Tena," binti akasema. "Na msogeleane. Hapo kati basi zima linapita."

"Aanze yeye."

"Nimeanza mimi kuja kwenye shuka."

"Msogeleane!" binti akapiga kelele, na kwa mara ya kwanza wakaona kwamba yeye pia ni mtoto wao, ule mdomo hakuuokota njiani. Wakasogea. Bega likagusa bega. Taa alikuwa bado anatumia sabuni ile ile, na Bi Wembe alichukia kwamba aliitambua mara moja. Akatazama kwenye kioo cha kamera kama anayetazamana na adui. Kamera ikalia.

Kwenye kompyuta walikuwa wametoka wima, wamekunja nyuso kidogo, wazee kuliko kila mmoja alivyojidhania. Na weupe! Ulikuwa umewazunguka wote wawili, kichwa hadi kiatu, kama wamechovywa kwenye unga. Bi Wembe alikuza picha ili aone ukubwa wa janga. Akafika kwenye mkono wake mwenyewe, upande wa Taa, na pale juu kidogo ya kiwiko palikuwa na kijani. Hafifu, kama doa la majani kwenye nguo ya mtoto. Shati la yule mwanamume lilikuwa limemwangukia kweli. Aliliangalia doa lile kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, na kitu kikamjia ambacho hakikuwa hasira, na kwa kuwa hakikuwa hasira hakujua akifanye nini.

Mkono wake ukaenda kwenye mausi. Binti akaudaka.

"Usiguse hata nukta moja."

"Weupe tu, mwanangu. Pembeni. Watu wataniona sijui kazi."

"Leo weupe, kesho utampunguza baba mabega. Niapie."

Kumbe lile nalo aliliona. Bi Wembe akala kiapo, na kilimwuma kuliko talaka.

Picha ikachapishwa na uchafu wake wote, ikatiwa fremu, ikatundikwa. Jumapili iliyofuata wakaalikwa wote kwa pamoja, na hilo halikuwahi kutokea. Baba mkwe wa binti alikuwepo, mtu mpole aliyekuwa akisinzia kwenye kochi, na mkewe alikuwepo. Huyo alikuwa mwanamke mpana, mcheshi, mwenye tabia ya kushika kila kitu cha watu na kukigeuza aone chini kuna nini. Taa alijichagulia kiti kando ya mlango. Bi Wembe akachagua kilicho mbali nacho kuliko vyote. Binti alikuwa jikoni na mumewe wakitayarisha chai.

Mama mkwe hakuchelewa. Alivaa miwani, akausogelea ukuta mpaka pua ikakaribia kioo, akaanza kucheka huku akimwita Bi Wembe.

"Mkwe! Kumbe ndiyo kazi yako hii! Umewaunganisha!"

"Wapi?" mumewe akazinduka.

"Si huu hapa weupe pembeni? Hebu tazama, umezunguka wote. Kama gundi imevuja." Akageuka, macho yanamtoka machozi ya kicheko. "Mimi nilisema! Nilimwambia huyu mzee, wale wawili hawawezi kusimama pamoja, watatoana macho. Lakini mkwe, na wewe unavyosifiwa mji mzima, hata kuufuta huu uzi? Fundi gani anaacha hivi?"

Nyuso zote zikamgeukia Bi Wembe. Hakuwahi kuambiwa neno baya kuliko lile katika maisha yake ya kazi. Mtu aliyekuwa akiwavunja mafundi wengine kwa ukingo wa unywele mmoja, leo anaonyeshwa kidole kwa weupe ambao mtoto angeuona. Angeweza kujitetea kwa neno moja tu, kwamba picha ile haikukatwa. Lakini neno hilo lilikuwa na mkia. Ingebidi aseme amesimama na Taa, kwa hiari yake, bega kwa bega, yeye aliyeapa mbele ya mtaa mzima. Na Taa alikuwa pale mlangoni, kikombe mkononi, akimtazama.

Alisikia mdomo wake ukijibu kabla hajaamua.

"Basi tu, nilikuwa na haraka, ukanipita. Ulidhani nini? Mimi nisimame na yule? Kwa lipi?"

Wakwe wakacheka, mzee naye akapiga goti lake. Hata yeye Bi Wembe akaanza kutabasamu, kwa jinsi alivyozoea kushinda. Kisha akamwona binti yake amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia la vikombe.

Binti aliweka sinia mezani taratibu, asimwage hata tone. Akaenda ukutani, mama mkwe akampisha, akaishika fremu kwa mikono miwili ili aishushe.

"Iache hapo," Taa akasema.

Alikuwa amesimama. "Huyu anadanganya. Alisimama. Nilimsogeza akasogea. Mdomo haukufungwa hata kidogo, lakini alisimama."

"Ehe!" mama mkwe akapiga makofi. "Sasa mmoja anasema hivi, mwingine vile. Tumwamini nani?"

Bi Wembe alimkata Taa jicho. Alimjua. Hakuwa anamtetea binti. Alikuwa amepata nafasi ya kumwita mwongo mbele ya wakwe, na alikuwa anaila polepole kama pipi. Akikubali sasa, Taa ameshinda, na atatembea na ushindi huo mpaka kaburini. Alitafuta neno la kumpasha, na yalikuwepo mengi, yalikuwa yamempanda hadi kwenye meno.

Binti alikuwa bado ameishika fremu, mgongo kwao.

"Mama," alisema bila kugeuka. "Ni kweli umetuunganisha?"

Alisema umetuunganisha, siyo umewaunganisha, kama vile na yeye alikuwemo ndani ya ile picha.

"Tulisimama," Bi Wembe akasema.

"Umesemaje, mkwe?" Mama mkwe akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Sikusikia."

"Nimesema tulisimama!" Alipiga kelele mpaka vijiko vikalia kwenye sinia, sauti ile ile aliyoitumia kumtukana mtu kupitia kidirisha. "Mimi na huyu! Bega kwa bega! Hakuna mkasi uliopita hapo! Na huo weupe ni wa taa zake, miaka yote namwambia asogeze watu mbele, hasikii, lakini tulisimama, mtoto wangu aliniomba nikasimama, mnataka nini tena?"

Mama mkwe akavua miwani. Taa akakaa chini.

Binti akaiacha fremu kwenye msumari, akainyoosha upande mmoja, halafu wa pili. Akabaki pale pale, amewapa wote kisogo, mabega yakimtikisika. Bi Wembe hakujua kama ni kicheko au kilio, na hakuwa na ujasiri wa kwenda kutazama.